Laptopu ya gemu ya mtumba na historia yake

Haya wadau, bumu limeingia na hapa Malimbe kila chumba stori ni moja tu: laptopu. Na siyo laptopu ya kuandikia kazi za darasani peke yake, watu wanataka ya gemu. Mchana uandae andalio la somo, usiku upige mpira wa kwenye kioo au uendeshe magari ya GTA. Mfuko ni wa mwanachuo, kwa hiyo mpya ya dukani ni ya kuangalia kwa macho. Kinachobaki ni mtumba uliokarabatiwa. Mimi nasomea ualimu na somo langu ni Historia, kwa hiyo mnisamehe, siwezi kuona kitu mezani nisiulize kimetoka wapi. Safari hii swali hilo linaweza kukuokolea hela.

Tuanze 1965. Mwaka huo ndio kompyuta ya kwanza ilifungwa nchini, pale Wizara ya Fedha. Iliitwa ICT 1500, na kampuni ya ICT ilikuwa ya Uingereza. Sasa cheki kichekesho: ICT hawakuibuni wao. Ilikuwa ni mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina jingine. Yaani kompyuta yetu ya kwanza kabisa ilikuja na kibandiko kinachosema kimoja na ndani kuna kingine! Likumbuke hilo, tutarudi kwake tukifika dukani.

Miaka tisa baadaye, 1974, ikatoka amri ya serikali kupiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Ukiisikia hii leo unacheka, unasema wazee walikuwa wanaogopa maendeleo. Subiri kwanza. Kompyuta zilizokuwepo nchini zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, zote za kigeni, na kila kipuri kilidai fedha za kigeni. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda vibaya kuanzia 1973, ukame umepiga, nchi inanunua chakula nje. Na ile kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta pale Hazina haikwenda kama ilivyotarajiwa, maana mashine ilikuja kabla ya watu wa kuimudu. Sisemi marufuku ilikuwa sahihi, ilituchelewesha kweli. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi Bara tukaja kupata kituo cha kwanza 1994! Lakini swali walilojiuliza wazee lilikuwa na akili: ukinunua mashine usiyoweza kuitengeneza, nani anakuwa bosi, wewe au yeye?

Mlango ulianza kufunguka 1984 biashara ilipolegezwa, mwenye fedha zake za nje akaruhusiwa kuleta bidhaa. Ndipo mitumba ikarudi kwa kishindo. Sisi watu wa Ziwa mtumba tunaujua vizuri. Reli ilifika Mwanza 1928, na miaka mingi ilibeba pamba ya Usukumani kwenda pwani na kuvuka bahari. Pamba ilienda ikiwa mpya, nguo zikaja zimeshavaliwa. Kompyuta nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Hata dhahabu ni hivyo: ng'ambo ya ghuba pale Geita mgodi mkubwa unachimba tangu 2000, na ndani ya kila laptopu kuna vichembe vya dhahabu kwenye viunganishi vyake. Inatoka hapa ikiwa tofali, inarudi ikiwa mtumba wa toka Dubai.

Halafu Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukatua Dar es Salaam. Kabla ya hapo nchi ilitegemea sana setilaiti, intaneti ghali na ya kobe. Baada ya hapo laptopu ikaanza kuwa kitu cha maana hata kwa mtu wa kawaida, na soko la mtumba likapata wateja.

Sasa hizi laptopu zinatoka wapi hasa? Hapa ndipo wengi hawajui. Nyingi zinatoka kwenye makampuni, benki na ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba, ambao hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Ndiyo maana mitaa ya katikati ya jiji hapa Mwanza imejaa Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Ni ngumu, zinafunguka kirahisi, vipuri vipo. Lakini jiulize: ni benki gani inawanunulia wafanyakazi wake laptopu ya gemu? Hakuna. Kwa hiyo laptopu ya gemu halisi kwenye mtumba ni adimu, na ikija mara nyingi ilikuwa ya mtu binafsi aliyeikimbiza usiku kucha mpaka feni zikalia.

Lakini upo mlango wa nyuma. Makampuni hayo hayo yana wahandisi na wachora ramani, na hao hupewa mashine nzito: Dell Precision, HP ZBook (zilianza 2013), ThinkPad za mfululizo wa P (zilianza 2015). Nyingi zina kadi ya grafiksi ya peke yake, za NVIDIA ziliitwa Quadro. Haikutengenezwa kwa gemu ila gemu za zamani kidogo inazicheza vizuri. Vijana wengi wanazipita kwa sababu hazina taa za rangi rangi kwenye kibodi. Ndugu yangu, taa hazichezi gemu.

Turudi kwenye kibandiko cha 1965. Darasani tunafundishwa kutofautisha chanzo cha kwanza na chanzo cha pili. Muuzaji ni chanzo cha pili, na winga aliyekudaka barabarani ni cha tatu! Chanzo cha kwanza ni mashine yenyewe, iulize. Jamaa yangu mmoja aliuziwa laptopu kwa maneno kwamba ina "grafiksi ya GB 4". Kumbe ni Intel ya kawaida inayoazima RAM ya mashine. Mbuzi kwenye gunia huyo. Ukifungua Task Manager ukaenda kwenye GPU, utaona kumbukumbu ya kadi yenyewe na ile ya kuazima zimeandikwa mbali mbali. Hesabu ya kwanza ndiyo yako, ya pili ni deni.

Betri nayo ina kumbukumbu zake. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, utapata ripoti ya uwezo wake ilipotengenezwa na uwezo uliobaki. Chukua namba ya mashine iliyo chini ya tumbo, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, mara nyingi utaona mwaka wake. Zima na uwashe uingie BIOS: ikidai neno la siri la kampuni fulani ya mbali, iache hapo hapo. Na chaja iwe ya nguvu inayotakiwa, maana hizi mashine nzito ukizipa chaja ya Latitude zitasinzia katikati ya mechi.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, isipokuwa chache, kizazi cha 8 kwenda juu, ambacho kilianza kutoka 2017. Kwa hiyo ofisi za kule zinatupa kwa wingi mashine za kizazi cha 6 na cha 7, na bei yake inavutia kweli. Wewe unaona punguzo, wao wanaona takataka. Ndiyo hofu iliyofanya Afrika iandike Mkataba wa Bamako 1991 kuzuia taka za sumu kuletwa kwetu, na Uganda itangaze kwenye bajeti ya 2009 kuzuia kompyuta, friji na televisheni za mtumba.

Mimi siungi mkono kufunga mlango. Bila mtumba wengi wetu hapa tungemaliza digrii bila kumiliki kompyuta, halafu tupelekwe Ukerewe au Sengerema kufundisha watoto ambao nao wanatutegemea sisi kuigusa mara ya kwanza. Ila lile swali la 1974 kila mmoja aende nalo dukani. Hii ikifa mwezi wa tatu, fundi yupo? Kipuri kipo? Mimi mwenyewe naweza kuifungua? Ukijibu ndiyo mara tatu, lipa, ucheze gemu lako kwa amani. Na utakayemkaribisha chumbani usiku, mwambie alete vitafunwa.