Mwanamke wa Newcastle na Tezi za Kondoo

Walimu, andikeni ubaoni neno hili: TEZI. Leo tutasoma historia ya dawa inayoondoa uchovu na huzuni, lakini si kwa kila mtu.

Shingoni, chini ya kikoromeo, kila mtu ana tezi ndogo, umbo lake kama kipepeo. Ikivimba sana, twasema mtu ana rovu. Tezi hii hutengeneza homoni, yaani kitu kinachoingia katika damu na kuuongoza mwili ufanye kazi upesi au polepole. Ni kama moto wa jikoni: ukififia, chungu hakichemki, ukizidi, chakula huungua.

Zamani kazi ya tezi hii haikujulikana. Mwaka 1883 Theodor Kocher, daktari mpasuaji wa mji wa Bern, Uswisi, alitoa habari ya kusikitisha. Alikuwa amewapasua wagonjwa wa rovu. Vidonda vilipona, lakini wengi wa wale walioondolewa tezi yote walidhoofika mwili na akili. Walichoka, waliona baridi, wakawa wazito wa kusema na kufikiri. Hapo ikaonekana kwamba tezi hiyo si kitu cha bure.

Mwaka 1891 daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, jina lake George Murray, alimtibu mwanamke wa miaka 46. Uso wake ulikuwa umevimba, alikuwa mchovu, aliona baridi mno, wala hakupenda kuonana na wageni. Murray alichukua tezi za kondoo, akatengeneza maji ya dawa, akamdunga sindano. Baada ya miezi michache uvimbe ulipungua na uchangamfu ukamrudia. Mwaka uliofuata madaktari waliona kwamba dawa hiyo yaweza kumezwa. Mwanamke yule aliishi mpaka mwaka 1919, akafa akiwa na miaka 74. Dawa yake katika miaka hiyo ilitoka katika tezi za kondoo zaidi ya 870! Mwaka 1927 wataalamu walifaulu kuitengeneza homoni hiyo bila mnyama, na leo vidonge vyake hutoka viwandani.

Lakini sifa ya dawa ilileta kosa. Watu wenye tezi nzima walianza kuitumia ili wakonde, na wengine ili wapate nguvu. Fikirini: mwanamke yule alipata nafuu kwa sababu moto wake ulikuwa umefifia. Moto unaowaka vizuri ukiongezewa kuni, je, itakuwaje? Moyo hudunda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na hatimaye mifupa hudhoofu. Na uchovu wenyewe haumtoki.

Maana uchovu una wazazi wengi: upungufu wa damu, malaria, kazi nyingi, msiba. Kipimo cha damu hospitalini ndicho huonyesha kama tezi ndiyo yenye kosa. Basi usimeze kidonge cha jirani kwa kuwa kilimfaa yeye. Na wewe uliyepewa na daktari, usikiache kwa kuwa umepata nafuu. Yule mwanamke alitumia dawa yake miaka 28.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Wagonjwa wa Kocher walitufundisha nini?
2. Kwa nini dawa ile ilimfaa mwanamke wa Newcastle?
3. Jirani akikupa kidonge chake cha tezi, utamjibu nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.