Boda boda ya baiskeli

Boda boda ya baiskeli ni usafiri wa kulipia ambao abiria hukaa kwenye keria yenye mto, nyuma ya mwendeshaji. Ulianza miaka ya 1960 kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, hasa Busia, ambako vituo vya mpakani vya pande mbili vilitenganishwa na eneo la zaidi ya nusu maili. Jina limetokana na mpaka huo, kwa Kiingereza “border”. Baiskeli yenyewe ni nzito, ya chuma, isiyo na gia, hivyo mlima hupandwa kwa nguvu za miguu peke yake. Huduma ilienea hadi Malaba, Kisumu na Kampala. Kuanzia miaka ya 2000 pikipiki ziliipokonya sehemu kubwa ya abiria.