Pacha, Kigego na Mtoto wa Kuogofya

Mwaka 1957 vilichapishwa vitabu viwili vya Kiingereza ambavyo si rahisi kuvikuta katika rafu moja. Cha kwanza ni riwaya ya John Wyndham, The Midwich Cuckoos, ambayo mwaka 1960 ilizaa filamu ya kutisha iitwayo Village of the Damned. Cha pili ni Rituals of Kinship among the Nyakyusa, utafiti wa Monica Wilson juu ya mila za ukoo za Wanyakyusa, kuanzia milima ya Rungwe hadi uwanda wa Kyela unaopakana na Ziwa Nyasa. Kimoja ni cha kubuni, cha pili ni cha mambo yaliyoshuhudiwa. Hata hivyo, vyote viwili vinaigusa jamii inayomwogopa mtoto iliyemzaa yenyewe. Nawaomba malenga na wapenzi wa lugha tuviweke pamoja kwa muda, maana kati yake limekaa swali la maneno.

Tuanze na filamu. Iliongozwa na Wolf Rilla, ikapigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kwa gharama ndogo, nayo haifikishi dakika 80. Kijiji kimoja cha Uingereza kinashikwa na usingizi wa ghafla, watu na mifugo yao. Baada ya muda inabainika kwamba wanawake wote wa umri wa kuzaa wamepata ujauzito. Watoto wanaozaliwa wanafanana kwa nywele zilizopauka, kwa akili inayopita umri wao, na kwa macho yanayong'aa kila wanapotaka kumlazimisha mtu atende wapendavyo. Hofu yote imejengwa kwa mawigi, mng'ao wa macho na nyuso tulivu za watoto.

Mwisho wake ndio unaonisumbua mimi niliyeishi kwa chaki. Profesa Gordon Zellaby, aliyeigizwa na George Sanders, ndiye anayewafundisha watoto hao, na mmoja wao, David, amezaliwa na mke wake mwenyewe. Siku ya mwisho anaingia darasani na bomu ndani ya mkoba. Kwa kuwa wanafunzi wake husoma mawazo ya watu, anaijaza akili yake taswira ya ukuta wa matofali mpaka bomu linapolipuka, naye anakufa pamoja nao. Hadithi haikumwachia mwalimu njia nyingine yoyote. Ilikwisha kuamua kwamba hatari ni watoto wenyewe, na hatari ya namna hiyo haina dawa ila kuangamizwa.

Sasa twende Kyela. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti wao kati ya mwaka 1934 na 1938, wakati Kyela ingali sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Waliyoyakuta yalihusu uzazi wa mapacha. Uzazi huo uliogopwa kwa dhati. Iliaminika kwamba nguvu yake ingeweza kuwavimbisha watu miili na kuwaharisha, na kwamba ndugu, majirani na hata ng'ombe hawakuwa salama. Kwa sababu hiyo wazazi na mapacha wao walitengwa katika kibanda chao. Mganga aliwapa dawa wao na watu wa ukoo wao, na mila ilipokamilika walitolewa nje na kurudishwa miongoni mwa watu.

Sitaki kuipaka mila hiyo asali. Mwanamke aliyejifungua watoto wawili huhitaji watu kuliko wakati mwingine wowote, na ndio wakati ule alioepukwa. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kutazama jambo lile liliitwaje. Wenyeji waliwaita waliotengwa abipasa. Ndani ya neno hilo mna ipasa, ambalo lina asili moja na pacha la Kiswahili: penye ch kwetu, Kinyakyusa kina s. Na mwanzoni mwake kuna kiambishi cha wingi wa watu, ndugu wa wa- yetu. Isitoshe, neno hilo halikuwataja watoto peke yao. Baba alikuwa ndani yake, mama alikuwa ndani yake, na mapacha pia. Hofu ilipewa jina linalobeba familia nzima, ikapewa dawa ya kunywewa na ukoo mzima, na ikapewa siku ya kwisha.

Linganisha na neno la pwani, kigego. Kamusi zetu zinamweleza kuwa ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na ambaye kwa imani ya zamani huleta nuksi. Kumbukumbu za karne ya 19 zinaonyesha kwamba baadhi ya watoto wa aina hiyo waliuawa au walitupwa. Mtoto wa miezi michache, asiyejua hata kuuma, alihukumiwa kwa jino. Neno hilo linamwelekea yeye tu. Baba na mama wanabaki nje yake, na hakuna sehemu yake inayodokeza kwamba hali hiyo ina mwisho.

Umbo lake nalo linastahili kuangaliwa. Kigego amekaa katika ki- pamoja na kipofu, kiziwi na kiwete. Siilaumu ngeli, kwa sababu humo humo wamo kiongozi na kijana. Ila kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba hatusemi "kigego kimelia". Twasema "kigego amelia". Nomino imemvisha vazi la kitu, kisha kitenzi kinamrudishia utu wake. Lugha ilijua kwamba huyu ni mtu, hata pale watumiaji wake walipotaka kusahau.

Ziko pia njia nyingine za kuipa hofu jina. Katika miaka yangu ya kufundisha, kwenye shule za sekondari na baadaye chuo cha ualimu, nimeita katika daftari la mahudhurio majina ya Kulwa na Doto, ya Shija na Kashinje. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha, wa kwanza na wa pili. Shija ni mtoto anayewafuata mapacha, na Kashinje ni aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa. Usukumani nako uzazi wa mapacha ulikuwa na miiko na matambiko yake. Lakini kilichobaki mdomoni ni jina la heshima, ambalo mtu huitikia "nipo" bila aibu. Kigego hakuna aliyemwandika daftarini kwa jina hilo.

Mambo haya hayajapita yote. Jijini Kinshasa, tangu miaka ya 1990, watoto wengi wamefukuzwa majumbani kwa kuitwa wachawi, mara nyingi baada ya kifo, maradhi au ufukara kuingia nyumbani. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, imeweka adhabu kwa anayemtuhumu mtoto uchawi. Tafakari maana yake: bunge zima lililazimika kutunga kifungu dhidi ya neno, kwa kuwa neno hilo likishatamkwa mtoto analala barabarani.

Kwa hiyo, ndugu zangu watunzi, siwazuii kuandika hadithi na tenzi za kutisha. Hofu ni mali halali ya fasihi, na ile filamu ya mwaka 1960 ingali inatisha. Ninachowaomba ni kwamba unapomweka mtoto wa kuogofya katika ubeti, uulize jina unalompa linawataja nani. Je, limewabeba wazazi na majirani, au limemwacha mtoto peke yake? Na je, lina siku ya kutoka kibandani? Watu wa Kyela, pamoja na hofu yao yote, waliiweka siku hiyo. Zellaby, pamoja na elimu yake yote, aliingia darasani bila kuwa nayo.