Malipo kwa Matokeo: Mshahara wa Mwalimu wa Shule ya Msingi Uingereza, 1846–1897, na Mwangwi Wake Tanzania

Fikra ya kumlipa mwalimu kwa kadiri ya ufaulu wa wanafunzi wake huelezwa mara nyingi kana kwamba ni zao la miongo ya karibuni. Historia ya Uingereza inaonyesha vinginevyo. Mwaka 1862 Robert Lowe, aliyesimamia elimu serikalini, alipitisha kanuni mpya zilizoufanya mtihani wa mtoto kuwa kipimo cha ruzuku ya shule. Hoja ya makala haya ni kwamba mgogoro uliofuata haukutokana na upimaji peke yake, bali pia na kile kilichoondolewa ili kuupisha.

Kilichoondolewa kilianza mwaka 1846. Chini ya James Kay-Shuttleworth, serikali ilianza kumlipa mwalimu mwenye cheti nyongeza ya moja kwa moja, juu ya kile alichopewa na wasimamizi wa shule, na pensheni ikatajwa pia. Kwa mtu ambaye ajira yake ilikuwa mikononi mwa kasisi wa parokia, nyongeza hiyo ilikuwa zaidi ya fedha: ilimtambulisha kuwa mtu anayejulikana na dola. Hata hivyo, gharama zilipanda mwaka hata mwaka, na Tume ya Newcastle, katika ripoti yake ya 1861, ililalamika kwamba watoto wengi hawakufundishwa vyema stadi za msingi.

Kanuni za 1862 zilijibu malalamiko hayo kwa hesabu. Mtoto aliyezidi umri wa miaka sita aliweza kuiletea shule shilingi 4 kwa mahudhurio, na shilingi 8 zaidi kwa mtihani. Akishindwa kusoma, kuandika au kuhesabu mbele ya mkaguzi, shule ilipoteza shilingi 2 na peni 8 kwa kila somo aliloshindwa. Fedha zote zilipitia kwa wasimamizi. Mwalimu aliachiwa kupatana nao, na wengi walikubali sehemu ya ruzuku kuwa sehemu ya mshahara. Hivyo mtoto aliyeugua siku ya ukaguzi aligeuka hasara katika mfuko wa mwalimu. Matokeo yake hayashangazi: vitabu vya kusomea vilikaririwa neno kwa neno, na masomo yasiyokuwa na bei yakasukumwa kando.

Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule tangu 1851, aliupinga mpango huo mapema, ingawa aliendelea kuutekeleza kazini. Upinzani wake una uzito wa pekee kwa kuwa ni wa mtu aliyekuwa akiwasikiliza watoto hao wakisoma. Chama cha kitaifa cha walimu wa shule za msingi, kilichoundwa 1870, kiliufanya ufutaji wake kuwa dai la kudumu. Marekebisho ya 1867 yaliongeza masomo yenye ruzuku pasipo kugusa mzizi wa tatizo. Kanuni za 1890 ndizo zilizoubomoa mfumo kwa sehemu kubwa, na kufikia 1897 ulikuwa umekwisha.

Fikra hiyo iliibuka tena Tanzania mwaka 2013, Twaweza ilipoanzisha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Katika baadhi ya shule hizo, mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu alipata shilingi 5,000 kwa kila mtihani wa Kiswahili, Kiingereza au hisabati ambao mwanafunzi wake alifaulu; mwalimu mkuu alipata 1,000. Mfanano na Uingereza ni wa juujuu kuliko unavyodhaniwa. Motisha hii iliwekwa juu ya mshahara wa serikali, wala haikuchukua nafasi yake. Utafiti uliochapishwa 2019 ulibaini kwamba ruzuku ya vifaa peke yake haikuinua alama, na motisha peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Alama zilipanda kwa uhakika pale tu shule ilipopata vyote viwili.