Msitu wa Amani, Usambara Mashariki

Pepo za Bahari ya Hindi hupanda milima hii zikiwa zimebeba unyevu, zikapoa na kumwaga mvua. Msitu umestawi kwa unyevu huo tangu enzi na enzi, na baadhi ya viumbe wake hawapatikani kwingine.

TAZAMA KWA MAKINI
Juu mitini hupita mbega weusi kwa weupe. Kwenye matawi ya chini, kinyonga dume mwenye pembe tatu hujishikiza akibadili rangi. Chini, penye majani makavu, yupo chura mdogo asiyetaga mayai majini: huzaa vichura vilivyokamilika. Kwenye miamba yenye kivuli huchanua dughulushi, ua la zambarau lililopelekwa Ujerumani mwaka 1892, ambalo leo hupandwa vyunguni duniani kote.

KINACHOUTISHIA
Magogo yalivunwa kwa wingi karne iliyopita. Wakulima wa iliki walifyeka miti midogo chini ya miti mikubwa, na wachimbaji haramu wa dhahabu walivuruga vijito. Msizi, mti wa kigeni ulioletwa kupandwa, huota haraka kila penye uwazi na kuizidi miche ya asili.

KWA NINI UNATUHUSU
Mto Zigi hupata maji kutoka milima hii, na jiji la Tanga huyategemea. Sehemu hii ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Tembea njiani. Usichume mimea, usiwashe moto, usiache taka.