Siliaki: Ngano inapomdhuru kijana mwenye kisukari

KIJANA mwenye kisukari akilalamika mjini Kitale au Bungoma kwamba tumbo hujaa gesi, anaharisha kila mara na uzani hauongezeki, wengi hudhani ni minyoo au ameba. Mara nyingi huwa ni kweli. Lakini dawa zikimalizika na hali isibadilike, yafaa achunguzwe ugonjwa mwingine uitwao siliaki.

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea kinga ya mwili inapoharibu chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika siliaki, kinga hiyo huchokozwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, ikaushambulia utumbo mwembamba. Maradhi haya mawili hutokana kwa sehemu na jeni zile zile. Tafiti za nchi mbalimbali zimekadiria kwamba wagonjwa wapatao 6 kati ya 100 wa kisukari hicho wana siliaki pia, ilhali kwa watu wengine ni karibu 1 kati ya 100. Wala si ugonjwa wa Wazungu pekee: mwaka 1999 watafiti waliripoti kuwa zaidi ya watoto 5 kati ya 100 wa jamii ya Wasaharawi, Afrika Kaskazini, walikuwa nao.

Kwa anayejidunga insulini, hatari ni kwamba utumbo uliojeruhiwa haufyonzi chakula vyema. Sukari hushuka ghafla ingawa amekula na kipimo cha dawa ni kile kile. Wengine hudumaa au kupungukiwa na damu. Wengine hawana dalili yoyote.

Uchunguzi huanza kwa kupima damu. Mgonjwa asiache ngano kabla ya kipimo hicho, kwani majibu yaweza kupotosha.

Tiba ni kuacha gluteni maishani. Hapa Trans Nzoia na Bungoma zina bahati: ugali wa mahindi, wimbi au muhogo hauna gluteni, wala ndizi, viazi na maharagwe. Taabu ni chapati, mandazi na mkate wa shuleni, pamoja na unga wa uji uliochanganywa na ngano. Hata mashine ya posho iliyotoka kusaga ngano huacha mabaki. Ugali nao bado hupandisha sukari, kwa hiyo kipimo cha insulini kipangwe upya kliniki.

Na aliyezoea kubeba biskuti za kujiokoa sukari ikishuka, abebe glukosi badala yake.