Giaboksi haikufa: historia ya fimbo ya gia ya Beetle

Leo hakuna seva wala hifadhidata. Nimekuwa kimya wiki tatu kwa sababu jioni zangu zote zimeishia chini ya gari. Ni Volkswagen Beetle ya marehemu babu, na ilibaki kidogo tu iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kwa sababu ya kipande cha plastiki kinachojificha ndani ya ngumi.

Tatizo lilikuwa hivi. Gia ya pili haipatikani, na ukiitafuta mara unaangukia rivasi. Mkono wa gia unayumba kama mwiko kwenye sufuria tupu. Ukichanganya mwendo, chini ya sakafu kuna chuma kinagonga chuma. Fundi wa kwanza aliizungusha gari mara moja tu, akatoa hukumu: giaboksi imekufa, injini ishuke. Bei aliyotaja ilizidi thamani ya gari lenyewe. Mjomba akaanza kuulizia mnunuzi.

Mimi nililelewa na kompyuta. Ombi likitumwa na jibu lisirudi, hulaumu seva kabla hujaangalia njia. Basi nikajiuliza: kati ya mkono wa dereva na giaboksi kuna nini?

Jibu ni la miaka ya 1930. Ferdinand Porsche alitia saini mkataba tarehe 22 Juni 1934 wa kubuni gari ambalo Mjerumani wa kawaida angeweza kulinunua. Injini aliiweka nyuma, ikipozwa kwa hewa, na giaboksi mbele yake. (Hans Ledwinka wa Tatra, kule Chekoslovakia, alikuwa na mawazo yanayofanana sana, na ugomvi wa hataza kati ya Tatra na Volkswagen ulikuja kumalizwa miaka ya 1960.) Mpangilio huo una faida nyingi, ila dereva anabaki mbali na giaboksi yake. Ndiyo maana katikati ya sakafu ya Beetle kuna uti wa mgongo wa chuma, wazi ndani, na kila kinachosafiri kati ya mbele na nyuma kinapita humo: waya wa klachi, waya wa akselereta, nyaya za breki ya mkono, paipu ya petroli, na fimbo moja ndefu ya gia.

Fimbo hiyo haiwezi kuning'inia hewani, kwa hiyo inashikiliwa na bushi karibu na mkono wa gia. Huko nyuma nako kuna shida nyingine: injini na giaboksi zimekalia raba, zinacheza muda wote. Ungeifunga fimbo moja kwa moja kwenye giaboksi, mtetemo wote ungepanda hadi kiganjani. Basi wahandisi wakaweka kiungo chenye raba katikati. Chini ya mkono wenyewe kuna bamba dogo lililoinuliwa ukingo mmoja, kazi yake kuuzuia mkono usiingie rivasi bila kusukumwa chini kwanza. Bushi, kiungo, bamba. Vitu vitatu vya bei rahisi vinavyolika ili vile vya bei ghali visilike.

Na kulika kwake kuna uzito, maana Beetle za mwanzo zilidai usahihi. Hazikuwa na sinkronaiza hata moja. Mwishoni mwa 1952 magari ya daraja la juu yakapata kwenye gia ya pili hadi ya nne, na gia ya kwanza ikangoja hadi 1960. Sasa waza dereva wa Safari Rally miaka ile. Mashindano yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na Beetle ikashinda 1954, 1957 na tena 1962. Mwaka uliofuata Peugeot 404 ikashika usukani, na hiyo ilikuwa na mkono wa gia pale pale kwenye usukani, kwa hiyo nayo ilikuwa na vijiti na viungo vyake vya kulika. Tope, mashimo, usiku, na bado gia lazima iingie. Mimi huwa nadhani hadithi za rally husifu injini mno na kuisahau fimbo.

Turudi kwa gari la babu. Nilitoa kiti cha nyuma. Kuna kifuniko kidogo mwisho wa ule uti wa mgongo, nikakifungua, nikamulika kwa simu. Raba ya kiungo ilikuwa imepasuka na kukauka kama ganda la mkate. Lakini kilichoniudhi ni skrubu. Ile inayoshika fimbo ina ncha kali, na ncha hiyo inatakiwa kukaa ndani ya kishimo kilichochongwa kwenye fimbo, kisha ifungwe waya isilegee. Mtu fulani zamani aliikaza pembeni ya kishimo, bila waya. Fimbo ilikuwa ikijizungusha kidogo kidogo kila gia ilipobadilishwa. Kwa hiyo dereva anaomba pili, giaboksi inasikia kitu kingine!

Mbele, baada ya kung'oa mkono wa gia, nikaiona bushi. Au tuseme nikaona mahali ilipokuwa. Zilibaki vipande viwili vya plastiki ndani ya grisi nyeusi.

Spea nilizipata Grogan siku moja. Hilo nalo ni historia: Beetle ya mwisho ya paa la chuma ya Ujerumani ilitoka Emden Januari 1978, lakini Mexico waliendelea kuunda hadi 30 Julai 2003, jumla magari 21,529,464. Gari la wingi huo halikosi bushi. Muuzaji alinipa nichague kiungo cha raba au cha polyurethane. Cha pili ni kigumu zaidi, hakipasuki upesi, ila kinapitisha mtetemo. Nikachukua raba.

Kuingiza bushi ndiko kulikonitoa jasho. Inaingia kupitia tundu dogo, kwa vidole viwili, nayo inateleza. Saa mbili na nusu! Kisha kiungo, ncha ndani ya kishimo, waya. Mwisho nikaingiza gia ya pili nikiwa nimesimama, nikalisogeza bamba hadi mkono ukakaa bila kulazimishwa, nikakaza.

Jumamosi mjomba aliliendesha mwenyewe hadi sokoni na kurudi. Alipozima akashuka, akazunguka nyuma, akaniuliza kama raba za kushikilia giaboksi nazo niliziangalia, maana anahisi inacheza akiachia klachi. Sikuwa nimeziangalia. Hiyo ni kazi ya wiki ijayo, na mnunuzi ameshaambiwa atafute gari lingine.